Uzoefu wangu: makumbusho ya sake (pombe ya mchele) ya kiwanda cha Hakutsuru, eneo la Nada, mjini Kobe, Japani

Kuingia ni bure, lakini njia inachanganya. Kutoka Kobe-Sannomiya panda treni ya Hanshin inayosimama kila kituo, kwa sababu zile za haraka huipita Sumiyoshi, kituo cha kushukia. Na usiichanganye na Sumiyoshi ya JR, kampuni nyingine ya reli, iliyo juu zaidi upande wa mlima. Ukishuka, tembea dakika chache kuelekea baharini.

Hakutsuru ilianza mwaka 1743, na makumbusho yamo ndani ya jengo lake la zamani la kupikia. Sanamu za ukubwa wa mtu zimepangwa kwa kufuata hatua za kazi. Wageni wengi huzipita mbio kuwahi kuonja, na hapo ndipo wanapopunjika. Mimi nakushauri usimame kwenye mchele.

Mchele wa sake hukobolewa kupita kiasi tunachokijua, maana protini na mafuta ya tabaka la nje huharibu ladha. Daraja la daiginjo hubakiza asilimia 50 ya punje au chini ya hapo. Kisha hupikwa kwa mvuke, hautokoswi: punje iwe kavu nje, laini ndani, ili ukungu wa koji uzamie katikati kufuata unyevu. Ukilowa, hugandana mabonge na ukungu huishia juu juu. Kwetu wanga wa ulezi hugeuzwa sukari na kimea. Hapa kazi hiyo ni ya koji, na inaendelea ndani ya pipa lilelile ambamo hamira inatengeneza kilevi. Ndiyo maana sake hufika karibu asilimia 20 ya kilevi kabla ya kuongezwa maji.

Mchele, koji na maji havimwagwi kwa mkupuo. Huongezwa mara tatu katika siku nne, na siku ya pili hakiongezwi kitu, hamira izaane kwanza. Ukiharakisha, hamira huzidiwa na bakteria wengine hupata nafasi.

Sifa ya Nada hasa ni maji ya visima vya Nishinomiya, miyamizu. Mwaka 1840 Yamamura Tazaemon, aliyekuwa na viwanda Uozaki na Nishinomiya, aligundua kwamba tofauti ya ladha ilitokana na maji. Yana fosforasi na potasiamu ya kulisha hamira, na chuma kidogo sana; chuma hutia sake rangi na kuichusha.

Kwenye kununua, angalia kama chupa ni namazake, yaani haijapashwa moto wa nyuzi 60 hadi 65. Hiyo hukaa kwenye friji tu. Duka moja mjini liliipanga rafuni karibu na dirisha. Niliiacha hapohapo, kwa sababu joto huichachusha.

Usiyekunywa, uliza amazake ya koji, kinywaji kitamu cha mchele kisicho na kilevi. Ile ya machicha ya sake inacho kidogo, na chupa zao hufanana.