Kibanda umiza cha sumo Kirumba, jero yako haipotei ila nenda na maji
Nimeenda mara tatu sasa kwa hiyo naongea kitu nachokijua. Kuna kibanda umiza Kirumba, hapa Mwanza, ukitokea mwaloni unatembea mpaka harufu ya dagaa ianze kupungua ndo unakiona, na Jumanne mchana ambapo hamna mpira jamaa anaonyesha sumo, ile miereka ya mabonge wa Japani. Kiingilio jero, siku ya mechi ni buku.

Mi nilienda nikijua naenda kuona mayokozuna, wale mabingwa wa cheo cha juu kabisa, kumbe mwenye banda anapenda wale wa chini. Yaani sumo ina madaraja sita, juu kabisa makuuchi watu 42, wanafuata juryo 28, hao ndo wanaokula mshahara kila mwezi. Wengine wote, na ni mamia, wanapata posho tu ya mashindano, wanalala chumba kimoja kambini, wanapika, wanafagia, wanawasugua wakubwa migongo bafuni, na kula wanakula wa mwisho, sufuria la chanko, ule mchuzi wao wa kambini, likimfikia dogo wa jonokuchi, daraja la mwisho kabisa, nyama zimeshaondoka na wenyewe. Aliyesoma bodingi hapo hahitaji mtafsiri.

Mtafsiri sasa ndo kero. Kashika maiki anaongea juu ya picha, kila pambano utasikia "anamwaga chumvi huyo, anafukuza wachawi!" wakati kwenye tivii hakuna aliyeshika hata punje. Chumvi ni ya kutakasa ulingo na ni mambo ya wakubwa, hawa wa chini wanacheza asubuhi viti vitupu, wanainama, wanavaana, kwisha. Nikamwambia kaka mbona chumvi hamna, akanijibu kwenye maiki, banda zima linasikia, "tulia mzee, umelipa jero."

Ila siku ya Hattorizakura nilimsamehe. Huyu dogo alikuwa daraja la chini kabisa, kapigwa mapambano 89 mfululizo, mpaka Januari 2019 ndo akaja kushinda. Jamaa wa banda kaviunga vipigo kama ishirini hivi, dogo anasukumwa nje, anavutwa, anaangushwa, anainama anaondoka, tukaanza kwa kucheka ila kufika cha kumi hivi hakuna anayecheka, mama anayechoma mahindi pale mlangoni akaacha jiko akaingia bure anauliza "huyu mtoto kwao wanajua?" Alivyoshinda lile moja watu walisimama kama timu yetu ya Pamba imefunga goli, mahindi yaliungua na mama hakujali. Hadi anaacha sumo alikuwa na ushindi 3, vipigo 238.

Wakamalizia na Hanakaze, kaingia 1986 katoka 2022 ana miaka 51, na muda wote huo juryo hajawahi kuigusa. Hapo mtafsiri mwenyewe alinyamaza, akasema tu "huyu ni mzee wa kazi."

Mengine: feni ni moja na imegeuzwa kwenye tivii isichemke, sisi tuchemke tu. Benchi la mbele lina msumari, kaa la tatu. Umeme ukikata hela hairudi ila Jumanne inayofuata unaingia bure ukimkumbusha, usipomkumbusha imekula kwako. Nyota tatu, ya nne naishikilia mpaka yule bwana aachane na chumvi.