Kibodi ya Kujiundia Nyumbani: Swichi 68 na Vitufe Vinne Vilivyonisumbua

Ndugu watazamaji, karibuni. Kibodi hii iliyo mezani nimeiunda kwa mikono yangu, na kabla sijaisifu wala kuilaumu naomba muisikilize. Huo ni mlio wa herufi. Sasa sikilizeni kitufe cha nafasi. Wiki iliyopita kilikuwa kikilia kama kijiko kinachogongwa ndani ya kikombe kitupu, na maelezo yangu ya leo kwa sehemu kubwa yanahusu kijiko hicho.

Kifurushi kimekuja na kasha la alumini, bamba la kushikilia swichi, bodi ya saketi na vipande viwili vya sponji. Swichi, yaani vile vifaa vidogo vinavyokaa chini ya kila kitufe, nilizinunua kando. Ukubwa wa kibodi yenyewe ni ule unaoitwa asilimia 65, maana yake haina safu ya F1 hadi F12 wala sehemu ya namba upande wa kulia, ila mishale ipo. Bodi ina soketi, kwa hiyo swichi huchomekwa na kuchomolewa bila kulehemu.

Nimetumia swichi nyororo, zisizo na kikwazo wala mlio wa makusudi, za umbo lililoletwa na kampuni ya Cherry kwa swichi zake za MX mwaka 1983. Mhimili wake wenye alama ya msalaba ndio unaofuatwa na watengenezaji wengi hadi leo, na ndiyo sababu kofia za vitufe za kampuni moja huingia kwenye swichi za kampuni nyingine. Kitufe hushuka milimita 4, lakini herufi hutokea kikifika takriban milimita 2, hivyo hakuna haja ya kukigonga hadi chini. (Wapenzi wa swichi za mlio mkali wanisamehe, mimi nalala chumba kimoja na mtu.)

Kila swichi niliifungua, nikapaka grisi nyembamba kwa brashi kwenye reli zake na kwenye springi, kisha nikaifunga. Kwa swichi 68, kazi hiyo ilinichukua jioni nzima. Ukizidisha grisi kitufe huwa kizito na kivivu, kwa hiyo anza na kidogo kuliko unavyodhani.

Kosa langu lilikuwa kuvidharau vishikizo vya waya vinavyowekwa chini ya vitufe virefu ili visiyumbe, vitufe ambavyo kwenye kibodi hii ni vinne tu: Shift ya kushoto, Enter, Backspace na kitufe cha nafasi. Vishikizo hivi hufungwa kwa skrubu kwenye bodi kabla ya bamba na swichi, kwa hiyo nilipousikia ule mlio nililazimika kung'oa kila kitu. Nilipoulaza waya wa kitufe cha nafasi juu ya kioo, ncha moja ilikuwa imeinuka kiasi cha kupitisha karatasi chini yake. Niliunyoosha polepole kwa koleo, nikapaka grisi nzito kwenye ncha zote mbili, nikakusanya upya. Bidhaa ya bei hii haikupaswa kutoka kiwandani na waya uliopinda.

Baada ya hapo herufi M ilikataa kuandika, nami nikaamini nimeiua bodi. Kumbe mguu mmoja wa swichi ulikuwa umejikunja badala ya kuingia kwenye soketi. Niliunyoosha kwa kibano, herufi ikarudi. Shikilia soketi kwa kidole upande wa nyuma unapochomeka, na ukiona swichi inagoma, usiisukume.

Programu ya VIA ilinipa raha isiyo na masharti: nimeigeuza Caps Lock kuwa Ctrl kwa dakika moja, na mpangilio unahifadhiwa ndani ya kibodi yenyewe, hata nikiihamishia kompyuta nyingine.

Kasha nimelikubali, bodi nimeikubali, vishikizo nawashauri mnunue vingine tangu mwanzo. Backspace bado ina chembe ya mlio upande wa kushoto. Nimeiacha hivyo, kwa kuwa kuifikia ni kung'oa tena swichi zote 68, na vidole vyangu kwa sasa vimekataa.