Picha za mashujaa za 2025: zipi utafute, zipi uziache zipite

Siku hizi kipimo changu ni kimoja tu, naangalia picha inamfanyia nini mtu asiye na nguvu yoyote, yule raia anayekimbia jengo likishuka. Kama kazi yake ni kupiga kelele tu na kupotea basi mi nashika simu mapema sana, hata grafiksi ziwe kali vipi.

Kwa hicho kipimo iliyonishangaza zaidi ni Thunderbolts*. Kiukweli nilikuwa siitegemei, maana kikosi chenyewe ni watu waliobaki kwenye picha za wengine, hakuna anayepaa, kazi yao ngumi na bunduki basi. Inaanza na Yelena, mmoja wa hicho kikosi, kasimama juu ya ghorofa la Merdeka 118 kule Kuala Lumpur anasema maisha hayana ladha halafu huyoo anajitupa (na ile kuruka ni Florence Pugh mwenyewe, sio mtu wa kuruka badala yake). Sasa katikati anaingia Bob, Lewis Pullman huyo, jamaa mpole mpole hivi, kumbe kafanyiwa majaribio kapewa nguvu za kuwachapa wote kwa pamoja, na anawachapa kweli, ila ndani ana giza lake na hilo giza likitoka watu wa New York wanabaki vivuli barabarani. Utampigaje mtu wa hivyo? Humpigi. Bob mwenyewe akijaribu kulitwanga lile giza ndo linazidi kummeza, mpaka wenzake wanaingia kumshika na kumkumbatia. Nilidhani nitacheka nikakuta nimekaa kimya. Kilichoniudhi ni kile kinyota kwenye jina, kilikuwa kinaficha jina jipya la kikosi, yaani picha bado ya moto studio wenyewe wakabandika mabango ya "The New Avengers" wakamaliza siri.

Superman ya James Gunn nayo nimeipenda, ila sio pale wengi wanapoipendea. Kupaa kwake sawa, mbwa Krypto sawa, anavunja vitu anachekesha. Mi nimependa kwamba hawakuturudisha tena shambani kwa kina Kent, wazazi waliomlea, kutuonyesha mtoto anavyokua, unapewa maandishi machache mwanzoni af unamkuta kashapigwa, kalala kwenye barafu anavuja damu. Na ile sehemu Lois, mwandishi wa habari, anamhoji Clark (ndo Superman mwenyewe akiwa raia) kama Superman, wako wawili tu ndani, ni wapenzi, na dada anamwuliza maswali ya kazi kabisa: nani alikutuma uingilie vita vya nchi za watu? Jamaa anapandisha hasira, anakosa majibu. Hakuna ngumi hata moja na kwangu hilo ndo pambano bora la picha nzima, Rachel Brosnahan kamweka David Corenswet kona safi kabisa. Alafu kuna Malik, muuza chakula wa barabarani aliyewahi kumsaidia Superman, anachofanyiwa na Lex Luthor sisemi, ila Nicholas Hoult baada ya pale nilimchukia kwa dhati, na adui ndo anatakiwa awe hivyo. Edi Gathegi kama Mr. Terrific kala sahani ya kila mtu, bora, maana kwenye X-Men: First Class ya 2011 walimuua mapema mno. Kasoro: robo ya mwisho imejaa, mara ufa unapasua mji, mara kopi ya Superman, mara ulimwengu wa mfukoni, unachoka.

Captain America: Brave New World sasa. Hii ndo inauma, kwa sababu Sam Wilson, ndo Captain America wa humu, hana dawa ya nguvu mwilini, yeye ni binadamu na ngao na mabawa, ilitakiwa iwe picha ya kipimo changu kabisa. Wakampa mtihani wa historia badala ya hadithi. Ili umwelewe yule adui mwenye kichwa cha ajabu uwe uliona The Incredible Hulk ya 2008, ili uelewe lile dude baharini uwe uliona Eternals, ili umjue mzee Isaiah uwe uliona siriz ya Falcon, jina la Sam la zamani. Hapana bhana. Na hadithi nzima inaficha kwamba Harrison Ford atageuka Hulk mwekundu wakati huyo Hulk mwekundu yuko kwenye trela na posta! Anthony Mackie hana kosa, kapewa unga bila maji.

The Fantastic Four: First Steps nzuri, haidai uwe umeona chochote, ile miaka ya 60 ya kufikirika imependeza, na Vanessa Kirby anajifungua angani huku wanakimbizwa, dah. Reed, yule mwenye mwili kama mpira, angevutika zaidi kidogo, ndo nguvu yake hiyo jamani.

Ila ukiniambia nichague kitu kimoja tu nitaacha picha zote nichukue siriz, The Penguin ya 2024, episodi 8, ya adui wa Batman. Batman hatii mguu humo na wala humkumbuki. Colin Farrell amepotea ndani ya ule uso wa bandia, unaona tu Oz, ndo Penguin mwenyewe, mwongo anayedanganya mpaka unamhurumia, halafu unakumbuka alichofanya episodi iliyopita. Cristin Milioti kama Sofia Falcone alichukua tuzo ya Emmy na ilikuwa haki yake, angalia episodi ya 4 peke yake utaelewa. Na yule dogo Victor anayemfanyia kazi Oz... angalia mpaka mwisho halafu tuongee.

Peacemaker sizoni ya 2 nimemaliza juzi. John Cena anaigiza, sitanii, anaigiza mpaka machozi, na wale rafiki zake wasio na nguvu ndo siriz yenyewe. Shida ni episodi ya mwisho, wanakaa wanaimba na kukumbatiana muda mrefu, unasema safi, halafu dakika za mwisho kabisa wanamtupa jamaa sehemu ili uisubiri picha nyingine. Nilikuwa nimeshaipa 8 kati ya 10. Nimeirudisha 6.