Epson Perfection V600 na negativu za zamani: sahau ile namba ya 6400

Epson wanaitangaza skana yao ya V600 kuwa inasoma nukta 6400 kwa kila inchi. Ukichagua namba hiyo utapewa kweli faili kubwa: fremu moja ya milimita 35, yaani 24 kwa 36, inatoka ikiwa na pikseli kama 9,070 kwa 6,050, karibu megapikseli 55. Shida ni kwamba lenzi iliyo ndani haioni vitu vidogo kiasi hicho. Ukiipima kwa kibao cha USAF 1951, kile chenye mistari inayozidi kuwa myembamba, mistari inaanza kuungana kwenye nukta kama 1,600 kwa inchi. Pikseli zilizozidi hapo zinajaza diski tu. Fremu ya milimita 35 basi ina undani halisi wa megapikseli tatu na nusu hivi, unaotosha kuchapa picha ya sentimita 13 kwa 18 iliyo kali, na kwenye skrini ya simu au kompyuta hakuna atakayelalamika.

Hilo lisikufanye uiache. Skana hii imekuwepo tangu 2009 na bado ina kazi inayoifanya vizuri kuliko mashine nyingi: sanduku la familia lenye mchanganyiko wa kila kitu, negativu za rangi, nyeusi na nyeupe, slaidi chache na mikanda mipana ya 120, ambalo mtu anataka kulimaliza bila kununua mashine tatu. Hasa hiyo 120. Fremu ya sentimita 6 kwa 6 ina upana halisi wa milimita 56, na kwa nukta zile zile 1,600 unapata megapikseli 12, picha ya sentimita 30 kila upande. Hapo V600 inaanza kulipa.

Ikitoka kwenye boksi, jambo la kwanza ni kuchomoa ule ubao mweupe ulio ndani ya mfuniko. Umewekwa kwa ajili ya karatasi, na nyuma yake ndipo ilipo taa ya filamu. Ukiusahau, picha inatoka nyeusi tii na unaanza kudhani mashine ni mbovu. Taa ni ya LED, kwa hiyo huhitaji kuisubiri ipate moto. Dirisha lake ni jembamba, kama sentimita 7, ndiyo maana negativu kubwa za inchi 4 kwa 5 haziingii kwa mara moja.

Vishikio vya plastiki vinavyokuja nayo ndivyo sehemu dhaifu kuliko zote. Cha milimita 35 kinabeba vipande viwili vya fremu sita sita, au slaidi nne zenye fremu zake. Plastiki ni nyepesi, vifuniko vyake ni vya kubonyeza, na filamu iliyojikunja inakishinda nguvu. Filamu huwekwa upande unaong'aa ukitazama chini, upande uliofifia, ule wa dawa, ukitazama juu. Njia ya haraka ya kuhakikisha: ukiangalia kutoka juu, maandishi ya pembeni mwa filamu yasomeke kinyume. Kishikio kina uwazi mdogo kwenye ncha moja ambao skana huutumia kujipima mwanga kabla ya kuanza. Uwazi huo, na kioo kilicho chini yake, lazima viwe safi kabisa. Unyoya mmoja ukikaa pale, utaona mstari wa rangi unaopita picha nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, tena kwenye kila fremu, na hautaondoka hata ubadilishe filamu. Ni rahisi kudhani mashine ni mbovu, kumbe ni unyoya.

Sasa suala la kimo. V600 haina fokasi inayojirekebisha. Lenzi imefungwa itazame umbali fulani juu ya kioo, na kishikio kinatakiwa kuibeba filamu kwenye umbali huo huo, lakini kutoka kiwandani vishikio hutofautiana kidogo, na kishikio hiki hakina vibonyezo vya kupandisha wala kushusha. Dawa yake ni karatasi. Chukua negativu yenye chembe zinazoonekana vizuri, yaani vile vidoa vidogo vinavyounda picha kwenye filamu, iskani mara ya kwanza kama ilivyo. Kisha weka vipande vya karatasi ya kawaida ya kuchapia chini ya kishikio kwenye pembe zote nne: viwili viwili, halafu vinne, sita, nane. Kila karatasi ina unene wa karibu milimita 0.1. Linganisha eneo lile lile kwenye skrini kwa asilimia 100, ukitazama chembe za filamu na si sura ya mtu, maana sura inaweza kuwa ilipigwa bila ukali tangu siku ya kwanza. Ukipata kimo ambacho chembe zinasimama wazi, gundisha vipande hivyo kwa gundi na usiviguse tena. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76 ukihitaji kupanda zaidi. Zoezi hili ni la nusu saa, na manufaa yake yanazidi kitu chochote utakachofanya baadaye kwenye programu.

Filamu iliyojikunja huharibu kazi hiyo yote kwa sababu katikati ya fremu inakuwa juu au chini kuliko kingo. Iache ndani ya mifuko yake, chini ya vitabu vizito, siku kadhaa. Usijaribu kuinyoosha kwa joto. Kuilaza moja kwa moja juu ya kioo nako si suluhisho: uso laini wa filamu ukigusana na kioo huzaa miduara yenye rangi za upinde wa mvua, ile iitwayo miduara ya Newton, na haifutiki kwa urahisi. Kwa mikanda ya 120 ambayo hailali, vipo vioo vyenye uso uliokwaruzwa kidogo sana mahususi kuzuia miduara hiyo, vinavyokatwa kwa kipimo cha kishikio.

Usafi. Pampu ya mpira ya mkono kwanza, kisha brashi laini ya kuondoa umeme tuli, na glavu za pamba. Usipulize kwa mdomo, mate hayaonekani mpaka yakauke. Alama za vidole hutoka kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 kwenye kitambaa kisichoacha nyuzi, upande unaong'aa tu, na kwa shinikizo dogo. Negativu zenye ukungu usizioshe kwa maji hata kidogo. Ukungu hula jelatini, tabaka linalobeba picha, na kuifanya iyeyuke, na picha yenyewe inaweza kuondoka na maji. Filamu inayonuka siki ina tatizo jingine: asetati, plastiki ya filamu yenyewe, inaoza, inasinyaa, na harufu hiyo ni asidi inayoharakisha kuoza kwa zilizo jirani. Itenge na uiskani kwanza kabla ya nyingine zote. Na ukikuta mkanda wa zamani sana ulioandikwa pembeni kwamba ni wa naitreti, usiuweke kwenye skana. Naitreti inashika moto kwa urahisi mno na inastahili mikono ya watu wa hifadhi ya nyaraka.

Kwenye programu ya Epson, acha hali ya kujiendesha yenyewe, ingia hali ya kitaalamu. Mipangilio ninayoitetea ni hii: aina ya filamu, negativu ya rangi, biti 48 za rangi, nukta 2400 kwa inchi. Kwa 2400 fremu ya milimita 35 inatoka pikseli 3,400 kwa 2,270, na faili lake la TIFF, aina isiyopunguza undani kama JPEG, lina kama megabaiti 46, kwa hiyo fremu elfu moja ni gigabaiti 46, mzigo ambao diski yoyote ya leo inaubeba. Kwa 6400 faili moja lingekuwa na karibu megabaiti 330 bila unywele mmoja wa ziada kuonekana. Ukitaka kupunguza mchafuko wa vivuli, skani kwa 3200 kisha punguza ukubwa kwa nusu. Zima kunoa ukali, zima kupunguza chembe. Yote hayo hufanywa vizuri zaidi baadaye, na yakishachomwa ndani ya faili hayarudi.

Zima pia vijipicha vya awali. Vinapowashwa programu hujikatia fremu yenyewe, na picha ya usiku au yenye anga jeupe pembeni huikata vibaya kila mara. Chora mpaka kwa mkono, ndani kidogo ya fremu, usiache ule ukanda mtupu kati ya fremu wala plastiki nyeusi ya kishikio viingie. Programu huvihesabu kama sehemu ya picha, ikaamua mwanga kwa kuvitumia, na nyuso za watu zinatoka zimefifia au zimeungua.

Rangi ndiyo inayowachosha watu. Negativu ya rangi ina tabaka la rangi ya chungwa lililowekwa makusudi kiwandani kusahihisha kasoro za rangi za filamu yenyewe, kwa hiyo kugeuza picha peke yake hakutoshi; ukigeuza bila kuliondoa unapata picha ya samawati iliyopauka. Fungua histogramu, ule mchoro wenye umbo la mlima unaoonyesha mgawanyo wa mwanga kwenye picha, uchague nyekundu, kisha kijani, kisha buluu, moja baada ya nyingine. Kwa kila moja sogeza alama ya kushoto hadi mlima unapoanza na ya kulia hadi unapoishia, ukiacha pengo dogo nje ya kila upande. Matokeo yaache 0 hadi 255. Hatua hizo sita za kusogeza alama ndizo zinazoondoa chungwa. Mkanda mzima uliopigwa mchana mmoja huwa unakubali mipangilio ile ile, ihifadhi kwa jina. Kitufe cha kurejesha rangi husaidia kwenye picha zilizogeuka zambarau kwa uzee, kwenye zilizo nzima kinaongeza chumvi.

Kisha kuna Digital ICE, sababu kubwa ya kuchagua V600 badala ya skana za bei ya chini yake. Skana hupita mara ya pili kwa mwanga wa infraredi. Rangi za filamu huupitisha, vumbi na mikwaruzo huuzuia, kwa hiyo programu inajua hasa wapi pa kuziba. Kwenye negativu chafu za rangi hufanya kazi ya saa nzima ya kufuta nukta kwa kalamu ya kompyuta. Gharama yake ni muda, kwani kila fremu inachukua mara mbili au zaidi. Kwa filamu nyeusi na nyeupe za kawaida izime kabisa. Picha yake imeundwa na fedha, fedha nayo huzuia infraredi, ICE inadhani picha nzima ni uchafu na inakupaka uji. Zinazoepuka ni zile nyeusi na nyeupe zinazosafishwa kwa C-41, yaani dawa zile zile za negativu za rangi, kama Ilford XP2. Kodachrome, slaidi za rangi za zamani za Kodak, nayo ni ya kuihofia: rangi zake huzuia infraredi kwa kiasi, jaribu slaidi moja uangalie kingo za vitu vyeusi kabla ya kuendelea.

Programu ya Epson ikikukera, programu nyingine mbili, VueScan na SilverFast, zote zinaiendesha V600. VueScan inaweza kuhifadhi faili ghafi lenye infraredi ndani yake, ili usafishaji na rangi vifanywe siku nyingine bila kugusa filamu tena. Kwa mkusanyiko mkubwa hilo ndilo ningelichagua.

Washindani? Plustek OpticFilm 8200i inatangaza 7200 na inatoa zaidi kidogo ya 3,200, yaani mara mbili ya V600, lakini inakula milimita 35 tu na kila fremu unaisukuma kwa mkono. Mwenye 35 peke yake anayetaka kuchapa makubwa aende huko. Kamera yenye lenzi ya makro ya 1:1 na taa bapa yenye rangi sahihi ina kasi na undani kuizidi V600 kwa mbali, f/8, ISO 100, taa za chumba zimezimwa; lakini haina infraredi, kwa hiyo vumbi lote ni lako, na kamera isiponyooka sawasawa na filamu pembe moja inakosa ukali. Weka kioo cha kujitazamia mahali pa filamu na usogeze kamera hadi lenzi ijione katikati kabisa. Vile visanduku vidogo vyenye skrini yake vinavyotoa JPEG papo hapo viache, maeneo ya mwanga mkali huyachoma na hakuna kitakachoyarudisha.

Jambo moja ambalo skana zote hulikosea ni tarehe. Faili linabeba siku ya kuskani, na albamu ya simu itapanga harusi ya 1978 kando ya picha za juzi. Yape majina yanayoanza na mwaka, namba ya mkanda na fremu, mfano 1978-04-17 kwa mkanda wa nne, fremu ya 17, kisha tumia programu ya ExifTool kuandika tarehe ya kupigwa ndani ya faili. Fanya hivyo kwenye TIFF kabla ya kutoa JPEG za kutuma, zirithi tarehe hiyo. Negativu zirudi kwenye mifuko ya polipropilini au karatasi isiyo na asidi, kamwe si PVC, na kila mfuko uandikwe namba ile ile iliyo kwenye faili.