Daftari la kikoba chetu ndani ya SWI-Prolog: uzoefu wangu wa miaka miwili

Mimi ni katibu wa kikoba chenye wanachama 42, na kwa muda mrefu kumbukumbu zetu zilikuwa kwenye Excel. Hisa na marejesho yalikaa humo bila shida, lakini udhamini ulitushinda. Kila mkopo wetu lazima uwe na wadhamini wasiopungua wawili, na haturuhusu watu kudhaminiana kwa mzunguko, yaani Asha amdhamini Juma, Juma amdhamini Neema, kisha Neema arudi kumdhamini Asha, kwa sababu wakikwama wote kwa pamoja hakuna wa kushikwa. Kuutafuta mzunguko wa namna hiyo kwa macho ni kazi ya usiku kucha, na ndiyo iliyonifikisha kwenye SWI-Prolog, programu ya bure ambayo Jan Wielemaker aliianzisha mwaka 1987 katika Chuo Kikuu cha Amsterdam.

Prolog, lugha ya kuandikia programu, haikudai majedwali. Unaiandikia kauli za ukweli, kila moja ikifungwa kwa nukta, kisha unaiandikia kanuni za kutumia kauli hizo kujibu maswali. Mkopo mmoja wa kwetu unaonekana hivi (k031 ni mkopo, m014 ni mkopaji, m007 na m022 ni wadhamini):

mkopo(k031, m014, 300000, tarehe(2023, 3, 14)).
mdhamini(m007, k031).
mdhamini(m022, k031).

Sikuanza hivyo. Mwanzoni niliuchukua kila mstari wa Excel nikaugeuza kauli moja ndefu yenye nafasi 11, mkopaji, kiasi na wadhamini wote wakiwa humo humo, na nikajiona nimemaliza kazi. Kila swali likanilazimu kuhesabu nafasi kwa kidole, na mkopo wa kwanza uliokuwa na mdhamini wa tatu ulikosa pa kumweka. Nilipovunja kauli hiyo vipande, udhamini ukasimama peke yake, na mdhamini wa tatu akawa ni mstari mmoja wa kuongeza. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kazi yenyewe: kanuni huandikika kwa muda mfupi ikiwa kauli zimekatwa vizuri, na zikikatwa vibaya hakuna kanuni itakayoziokoa.

Kanuni ya mzunguko ilinichukua mistari mitatu tu (alama :- isome «ikiwa», na _ ni nafasi isiyotuhusu hapo):

anamsimamia(X, Y) :- mdhamini(X, K), mkopo(K, Y, _, _).
amefungamana(X, Y) :- anamsimamia(X, Y).
amefungamana(X, Y) :- anamsimamia(X, Z), amefungamana(Z, Y).

Nilipouliza amefungamana(X, X), kompyuta ilizunguka bila kusimama, kwa kuwa mzunguko niliokuwa nautafuta ulikuwemo kweli na kanuni yangu ilikuwa ikiufuata duru baada ya duru. Dawa yake ni kutangaza juu ya faili «:- table amefungamana/2.», ambayo huifanya programu ikumbuke majibu iliyokwisha kuyapata. Jibu likaja papo hapo: wanachama wanne walikuwa wamefungana, na hakuna aliyejua, hata wao wenyewe.

Yapo mambo madogo ya kuchunga. Neno linaloanza na herufi kubwa Prolog hulihesabu kuwa kigeu, yaani nafasi inayosubiri kujazwa. Siku niliyoandika mdhamini(M007, k031), nilikuwa nimesema kwamba kila mtu duniani anaudhamini mkopo ule. Programu ilinionya wakati wa kupakia faili, nami nikalipuuza onyo. Namba ya simu nayo iwekwe ndani ya alama za kunukuu, la sivyo sifuri ya mbele hupotea. Kauli unazoongeza kwa amri ya assertz, programu ikiwa inaendelea, hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu, kwa hiyo mimi huziandika moja kwa moja kwenye faili. Kwa kikundi ambacho watu kadhaa huingiza fedha kwa wakati mmoja, ningeshauri hifadhidata ya kawaida, na Prolog ibaki kwa maswali ya nani anahusiana na nani.

Jambo zito kuliko yote ni kwamba Prolog, ukiiuliza kwa alama ya kukanusha, huchukulia kisichoandikwa kuwa hakipo. Kanuni yangu ya wadaiwa ilisema mtu asiye na kauli ya rejesho la mwezi hajalipa. Mzee mmoja wa kikoba alisomwa mbele ya kikao kuwa mdaiwa, ilhali alikuwa amelipa na risiti anayo mfukoni. Ni mimi niliyekuwa sijahamisha ukurasa ule wa daftari. Nilimwomba radhi pale pale mbele ya wenzake. Usiku ule niliongeza aina mpya ya kauli, mwezi_umeingizwa(2024, 5), inayoandikwa baada ya mimi na mweka hazina kulinganisha daftari na faili, na kanuni ya wadaiwa sasa huitafuta kauli hiyo kwanza, kabla ya kutaja jina la mtu yeyote.