Tathmini ya Huduma ya Kuhifadhi Tovuti: Ankara Moja, Programu za Wengi

Anayenunua nafasi ya tovuti leo kwa kampuni ya hapa nchini hulipa ankara moja, lakini sehemu kubwa ya anachokipata imetengenezwa na watu ambao hatawaona wala kuzungumza nao. Paneli anayoingilia kuisimamia tovuti yake ni cPanel, kutoka Marekani. Mfumo unaoigawa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, kati yake na wateja wengine waliomo humo ni wa CloudLinux. Cheti kinachoweka alama ya kufuli kwenye anwani ya tovuti hutolewa bure na Let's Encrypt. Nakala rudufu za kila usiku huchukuliwa na JetBackup. Na ankara yenyewe imeandikwa na programu ya WHMCS. Kampuni iliyobandika nembo yake juu ya vyote hivyo haikutengeneza hata kimojawapo, na wala haina haja ya kuona haya, kwa sababu biashara hii hukua hivyo kila mahali. Linalomhusu mteja ni kujua kampuni imechagua wabia gani, imewaunganisha vipi, na mmoja wao akiharibu ni nani atakayesimama mbele yake kujibu.

Ofisi yangu iko Ngamiani, hapa Tanga, na kazi yangu ni kutengeneza na kutunza tovuti za nyumba za wageni za Raskazone na Pangani, shule moja binafsi ya Chumbageni, kikundi cha wakulima wa viungo wa Muheza na biashara nyingine ndogo ndogo. Karibu zote ziko kwenye seva za kampuni moja yenye makao yake Dar es Salaam, ninayoitumia kama wakala. Jina lake silitaji, kwa kuwa wateja wangu bado wapo kwake na baadhi ya ninayoyaandika ni malalamiko. Isitoshe, vifurushi vya namna hii vinauzwa na kampuni nyingi, na msomaji atakitambua cha kwake bila kutajiwa.

Kampuni hii nilipoanza nayo ilikuwa ikiuza nafasi ya diski na majina ya .co.tz, basi. Vitu hivyo viwili havimnenepeshi mtu tena. Diski imekuwa rahisi, bei za majina zinajulikana, na vyeti vya usalama vilivyokuwa vikiuzwa kwa mwaka vilipoteza soko lake kwa tovuti za kawaida tangu Let's Encrypt ilipoanza kuvigawa bure kwa umma Desemba 2015. Kilichobaki ni kuongeza huduma juu ya nafasi ile ile: ulinzi dhidi ya wadukuzi, uchujaji wa barua taka, programu ya kusimika WordPress (mfumo wa kutengenezea na kuendeshea tovuti) kwa kubofya mara chache, chombo cha kujengea tovuti bila kuandika msimbo. Kila huduma ina mwenyewe ng'ambo, ambaye huuza leseni kwa bei ya jumla na kutoa kiunganishi kinachochomekwa kwenye WHMCS, ili mteja akilipa, huduma ifunguke yenyewe bila mfanyakazi kugusa kitu. Kwa njia hiyo kampuni yenye wahandisi wachache inaweza kutangaza orodha ya huduma ambazo ingechukua miaka mingi kuziandika yenyewe.

Kwa maoni yangu, ubia ulioiletea kampuni wateja wengi kuliko wote ni wa hapa hapa nyumbani: mwunganishi wa malipo anayepokea pesa za mitandao yote ya simu. Zamani mteja wangu wa Pangani alilazimika kutuma pesa, kupiga picha ujumbe wa muamala, kuituma kwa barua pepe, kisha kungoja Jumatatu mhasibu aingie ofisini. Sasa anaweka namba yake ya simu kwenye ankara, simu inamwomba namba ya siri, na kabla hajaiweka mfukoni ujumbe wa kufunguliwa akaunti umeshafika. Nimeona watu waliokuwa wakiahirisha tovuti mwaka hadi mwaka wakilipa usiku, wakiwa wameketi barazani. Hakuna paneli ya kigeni iliyoweza kufanya hivyo.

Upande wa seva, CloudLinux ndiyo inayonifanya nilale. Kwenye seva ya pamoja wapangaji ni wengi, na bila mipaka tovuti moja iliyoshambuliwa inaweza kula kichakataji na kumbukumbu za wote. CloudLinux humwekea kila mpangaji kiwango chake, hivyo fujo ya jirani haikufikii. Ila kiwango hicho ni chako pia. Shule ya Chumbageni ilipoweka fomu za kujiunga kwenye tovuti yake na kuwatumia wazazi kiungo kwa WhatsApp, wazazi walikiingia kwa wakati mmoja na wengi wao wakakutana na ukurasa mweupe wenye namba 508, maana yake mpangaji amefikia kikomo cha rasilimali zake. Mwalimu mkuu alinipigia akidhani tovuti imedukuliwa. Seva ilikuwa nzima kabisa. Kifurushi ndicho kilichokuwa kidogo, na kwenye ukurasa wa mauzo kampuni imeandika kwamba watembeleaji "hawana kikomo". Maneno hayo yaondolewe. Mbia wao ndiye anayeuza vikomo.

JetBackup naipa sifa bila kusita. Nyumba moja ya wageni ya Raskazone ilisasisha programu-jalizi ya kuhifadhi nafasi za vyumba, na tovuti nzima ikageuka ukurasa mtupu mchana wa Ijumaa, wakati maombi ya wikiendi yanaingia. Niliingia kwenye paneli, nikachagua tarehe ya usiku uliopita, nikarudisha mafaili na hifadhidata huku barua pepe nikiziacha zilivyo, ili ujumbe wa wageni uliofika asubuhi usipotee. Uwezo huo wa kurudisha kipande kimoja bila kuvuruga kingine ndio unaotofautisha nakala rudufu ya kweli na ile ya kuandikwa kwenye tangazo, na mteja anaufikia mwenyewe bila kufungua tiketi ya kuomba msaada.

Nije kwenye lililoniudhi. Kampuni iliingia ubia na mtengenezaji wa chombo cha kujengea tovuti kwa kuburuta vipande, ikakipigia debe sana, na mimi nikakitumia kwa wateja ambao hawakuwa na fedha ya kutengenezewa WordPress. Kisha ubia ukaisha. Tulipewa taarifa ya barua pepe ya aya mbili, muda ulipofika kitufe kikaondoka kwenye paneli, na tovuti zilizojengwa kwa chombo kile zikabaki zikionekana lakini hazihaririki. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Pangani alitaka kubadilisha bei za vyumba kabla ya msimu, nikamweleza kwamba aliyetengeneza chombo ni kampuni nyingine na mkataba wao umekwisha. Akanijibu, "Mwanangu, hela nimekupa wewe. Huyo mwingine mie simjui." Jibu hilo niliipelekea kampuni neno kwa neno, kwa sababu nami nilikuwa na haki ya kuwaambia vivyo hivyo. Walichonipa ni punguzo la kuhamia kwenye kifurushi cha bei ya juu zaidi. Tovuti nilizijenga upya kwa gharama yangu.

Tofauti na cPanel hapa inafundisha jambo. Kwa kuwa paneli hiyo iko kila mahali, akaunti nzima inaweza kufungashwa kuwa faili moja na kufunguliwa kwa kampuni nyingine yenye cPanel, pamoja na barua pepe na hifadhidata zake. WordPress nayo inahamishika. Chombo kile cha kuburuta hakikuwa na mlango wa kutokea. Mteja anayefunga mkataba aulize jambo hilo kwa kila huduma iliyoorodheshwa: nikiondoka, ninaondoka na nini?

Kuhusu bei, ni haki kuieleza kampuni jinsi ilivyobanwa. Mwekezaji wa Uingereza, Oakley Capital, aliinunua Plesk mwaka 2017 na cPanel mwaka 2018, hivyo paneli mbili kubwa za biashara hii zikawa chini ya mwenyewe mmoja. Mwaka uliofuata cPanel iliacha kutoza kwa seva, ikaanza kutoza kwa idadi ya akaunti kuanzia Septemba 2019, na tangu hapo bei zimeendelea kupanda. CloudLinux yenyewe kwa kawaida imekuwa ikitoza kwa seva. Matokeo yake ni kwamba kila mteja anayeongezwa kwenye seva hupunguza fungu la kila mmoja katika leseni inayotozwa kwa seva na kuongeza gharama ya ile inayotozwa kwa akaunti, na mwenye kampuni hushawishika kuwabana wapangaji pale ambapo leseni inamruhusu. Leseni zote hizo hulipwa kwa dola. Wateja nasi tunalipa kwa shilingi, na tangu kanuni za mwaka 2025 zilipozuia bei kutangazwa kwa fedha za kigeni hapa nchini, hatari ya kushuka kwa shilingi inabebwa na kampuni hadi siku ya kuhuisha kifurushi, ambapo mteja hushushiwa yote kwa mpigo. Kupanda kwa bei sikulalamikii. Nalalamikia kupangiwa bei mpya ndani ya ankara ya kuhuisha, bila barua ya kunitaarifu mapema.

Upo pia ubia ambao kampuni haiutangazi. Seva zenyewe ni za kukodi, na ziko Ulaya. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, mgeni aliyeko Ujerumani aliweza kuiona tovuti ya nyumba ya wageni ya Pangani, huku mwenyewe aliyeko Pangani hawezi kuifungua. Kwa nyumba ya wageni hilo linavumilika, maana wateja wake wako huko. Kwa shule halivumiliki, na tena shule inahifadhi taarifa za wanafunzi na wazazi, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka zisisafirishwe nje ya nchi kiholela. Nimeiomba kampuni orodha ya wabia wanaoweza kuzifikia taarifa hizo. Nimepewa kiungo cha sera ya faragha, na ndani yake wametajwa "washirika wetu" bila jina hata moja.

Huduma kwa wateja ni nzuri kuliko nilivyotarajia, mradi tatizo liwe lao. Barua pepe za ankara za kikundi cha Muheza zilipokuwa zikirudishwa na kichujio cha barua taka, dada aliyepokea tiketi hakuniambia niwaandikie wenye kichujio. Aliwaandikia mwenyewe, akanipigia simu jioni kunieleza kwamba neno la siri la akaunti moja lilikuwa limeibwa na barua taka zilikuwa zikitumwa kwa jina lao. Wangekuwa wote kama yeye nisingeandika nusu ya malalamiko haya. Wengine hujibu kwamba "suala limepelekwa kwa mshirika," na tiketi hufungwa.

Kwa nyumba ya wageni, duka au kikundi cha wakulima kinachohitaji tovuti ya WordPress, barua pepe zenye jina lake na malipo kwa simu, huduma hii naipendekeza. Kwa anayehifadhi taarifa za watu, na kwa anayetaka kujenga kwa chombo cha kuburuta, siipendekezi hadi kampuni itaje wabia wake na iandike kwenye mkataba kwamba itabeba gharama ya kumhamisha mteja pale inapovunja ubia. Muda wa shule ukiisha, tovuti yake nitaihamishia kwenye seva iliyopo nchini. Nyumba za wageni nimezihuisha kwa mwaka mmoja mmoja, ingawa kwa miaka mitatu kuna punguzo zuri, kwa sababu masharti yanairuhusu kampuni kubadilisha programu zilizomo kwenye kifurushi wakati wowote na hayasemi lolote kuhusu kurudisha fedha.