Kamusi ndani ya terminali: uzoefu wangu na dict

Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri, na karibu kila kitu nafanyia kwenye terminali (lile dirisha la kuandikia amri), sasa kilichokuwa kinanikera ni ile ya kuacha kazi, ufungue brauza, usubiri ukurasa ujae, ufunge tangazo, ukubali sijui vidakuzi, ndo uone maana ya neno moja, na hapo ushajikuta unasoma habari nyingine kabisa. Nikahamia kwenye dict, kamusi ya humohumo kwenye terminali, na sijaona sababu ya kurudi.

Yenyewe ni programu ndogo tu. Kwenye Linux za Debian au Ubuntu unaandika sudo apt install dict, basi. Halafu unaandika dict na neno lako, unapiga enta, maana zinamwagika hapohapo. Nyuma ya pazia inaongea na seva kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) inayoitwa DICT, ni ya mwaka 1997 (waraka wake ni RFC 2229), inapita porti 2628, na seva ambayo wengi tunaanza nayo ni dict.org. Hata kama hujaweka chochote lakini curl unayo (ile programu ya kuvuta data mtandaoni), jaribu curl dict://dict.org/d:book uone, inajibu vizuri tu.

Kitu cha kwanza utakachokiona ni kwamba haiulizi kamusi moja, inauliza zote zilizoko kwenye seva kwa mpigo. Kuna WordNet ya Princeton, kuna GCIDE ambayo msingi wake ni Webster ya 1913, kuna Moby ya visawe, FOLDOC ya mambo ya kompyuta, na nyingine kibao. Ukiuliza neno kama set utajuta, skrini inakimbia mpaka kizunguzungu. Kwahiyo zoea kuipitisha kwenye less, inayokuonyesha ukurasa mmojammoja, au chagua kamusi moja kabisa kwa -d (wn ni WordNet):

dict -d wn set | less

Mimi kwa kazi za kila siku natumia wn, maelezo yake mafupi na ya kisasa. GCIDE naifungua nikikutana na maandishi ya zamani, huko iko vizuri sana maana Kiingereza chake chenyewe ni cha enzi hizo, ila usije ukamwambia mwanafunzi aanzie huko. Orodha ya kamusi zote unaipata kwa dict -D, na ukiiangalia utacheka, kuna mpaka ya Kiswahili kwenda Kipolandi.

Lakini utamu wenyewe, na hapa ndo naona tovuti nyingi za kamusi hazioni ndani, ni kutafuta neno usilolijua vizuri. Ukikosea herufi, mfano ukaandika accomodate kwa m moja, haikuachi hewani, inakwambia:

No definitions found for "accomodate", perhaps you mean:

halafu inakupangia maneno yanayokaribiana, kamusi kwa kamusi. Na unaweza kuiamrisha itafute kwa namna unayotaka wewe, -m maana yake nipe maneno tu bila maelezo, -s ndo mbinu ya kutafuta. Nataka yote yanayoishia na ology? dict -m -s suffix ology. Nimelisikia tu sijui linaandikwaje? -s soundex. Na wale wa regex (kutafuta kwa ruwaza za herufi) wana -s re, mfano dict -d wn -m -s re '^q[^u]' inakuletea maneno yanayoanza na q isiyofuatwa na u. Kwa watu wa chemshabongo na mashairi hiki kitu ni hatari!

Sasa mabaya yake. Mawasiliano yanaenda wazi, hayajafichwa, kwahiyo mwenye mtandao akitaka anaona unatafuta neno gani. Halafu ile porti 2628 sehemu nyingi imefungwa na faiawoli (kizuizi cha usalama cha mtandao), niliwahi kufanya kazi ofisi moja ikawa inaning'inia tu haijibu. Dawa ni kuweka seva kwenye mashine yako mwenyewe, sudo apt install dictd dict-wn dict-gcide, kisha unauliza kwa dict -h localhost, yaani mashine yako yenyewe. Hapo hata intaneti ikikata hujali, na kasi yake ni ya ajabu, hujainua kidole kwenye enta jibu lishafika.

Kwa Kiswahili nisiwadanganye, bado sana. Kuna za mradi wa FreeDict, dict-freedict-swh-eng na dict-freedict-eng-swh, nimeziweka zote, zinasaidia kwa maneno ya kawaida lakini maelezo ni mafupi, mara nyingi neno kwa neno tu. Na programu yenyewe haijui kuvua viambishi, ukiipa waliponiambia inakodoa macho, lazima wewe mwenyewe umenye mpaka ubaki na mzizi ndo uulize. Kwa hiyo kamusi yangu ya karatasi bado iko mezani.

Kuna mwenzake anaitwa sdcv, huyo anasoma mafaili ya kamusi ya StarDict (programu nyingine ya kamusi) moja kwa moja bila seva, na akikuta maneno yanayofanana anakuuliza unataka lipi (ukiona kero weka -n). Kama una mafaili ya StarDict tayari anza na huyo, mimi nimebaki na dict kwa sababu ya zile mbinu za kutafuta.

Na jambo moja linaloniokolea muda mwingi: nikisoma andiko refu naandika maneno magumu kwenye faili, neno moja kila mstari, nikimaliza napiga hii (xargs inampa dict neno mojamoja)

xargs -n1 dict -h localhost -d wn < maneno.txt > maana.txt

nakuta faharasa yote iko tayari, kazi yangu ni kupunguza tu. Ila hii fanya na seva ya kwako, usiende kuitwanga seva ya watu kwa maneno elfu mbili mfululizo.